Ukoka Juu ya Mchanga

Mwenye kisima uani na mtoto wa chupa ndani akae kitako asikilize. Yaliyomkuta Mama Chemsha hayakutokana na uzembe. Yangetokana na uzembe watu wangejua la kusema, wangesema wee mpaka wachoke. Yalitokana na bidii, na bidii haina wa kuikemea.

Jina hilo la Mama Chemsha alipewa na majirani, naye akalivaa kama cheo. Alichemsha maji ya kunywa, alichemsha vijiko, alichemsha nepi za kitambaa na chuchu za chupa. Siku moja kunguru alitua kwenye kamba ya kuanikia nguo, na kabla jua halijazama kamba ile ilikuwa inatokota kwenye sufuria. Mama Pacha, jirani wa upande wa chini, alishika mbavu.

"Jirani, iko siku utatuchemsha na sisi tunaokuja kukusalimia."

"Wewe nikuchemshe kwa kuni zipi? Ulivyokomaa hivyo, wiki nzima hujaiva."

Watu walicheka, ila waliomjua tangu zamani hawakucheka sana. Mtoto wake wa kwanza alikufa kwa kuhara akiwa na miezi minane, na nesi aliyempokea alimwambia neno moja tu: maji. Tangu siku hiyo halikuingia tone kinywani mwa mtu wa nyumba yake bila kupita motoni. Binti aliyemzaa baadaye alikua, akasoma, akawa fundi cherehani kwenye kiwanda cha sare za shule, na hakuwahi kulazwa hata siku moja. Mama Chemsha alimtazama binti huyo kama mtu anavyotazama risiti. Hii hapa, nimelipa, sidaiwi.

Binti ndiye aliyemletea mjukuu. Baba wa mtoto alikuwa utingo wa malori ya safari ndefu, mtu wa kuonekana mwisho wa mwezi na kutoweka, hivyo mama na mtoto wakakaa kwa bibi. Mtoto alizaliwa na mashavu yaliyofunika shingo, wakamwita Kibonge. Bibi, kama mabibi wote, alimwita mume wangu.

"Mume wangu ameamka?" huuliza asubuhi akiwa bado mlangoni.

"Ameamka na amenikojolea. Njoo umchukue mumeo, mimi nachelewa kazini."

"Usimseme mume wangu. Wewe ulinikojolea mpaka unakaribia kuanza shule."

Binti alirudi kiwandani mtoto akiwa na wiki sita. Maziwa yake, yaliyokuwa haba tangu mwanzo, yakakauka kabisa, na Kibonge akaingia kwenye maziwa ya kopo. Bibi akateka, akachemsha, akapoza, akakoroga, akadondosha matone kwenye kifundo cha mkono kupima joto. Hata nesi asingepata pa kumkosoa.

Shida ilikuwa uwanja. Nyumba ilikaa juu ya mchanga mtupu, mchanga ambao ukimwaga ndoo ya maji, kabla hujaiweka ndoo chini hakuna hata unyevu. Katika mchanga ule ukoka uliota kwa mafungu mafungu kama nywele za mgonjwa, na katikati yake yakajaa magugu yasiyoogopa njaa: ndago zenye vinundu chini, ukiing'oa moja unaacha watoto watano, na mbigili, zile zinazotambaa kwa unyenyekevu na kuzaa miiba yenye pembe.

"Mama, akianza kutambaa nitampeleka kwa yule dada anayelea watoto pale karibu na kiwanda," binti alisema jioni moja, amekaa kizingitini anachomoa mbigili kisiginoni. "Ana sakafu ya vigae. Hapa atatambaa wapi? Juu ya sindano hizi?"

"Watoto kumi na wawili chumba kimoja? Na maji yao umeyaona?"

"Maji ya bomba, Mama."

"Bomba! Hilo bomba umelichungulia ndani?"

Binti alicheka, mjadala ukafa. Lakini maneno yale yalimkaa bibi kooni kama mwiba wa samaki. Akahesabu kwa vidole. Kibonge ana miezi miwili. Mtoto mwepesi hutambaa kwenye saba. Basi ana miezi mitano ya kuugeuza mchanga ule uwe zulia, la sivyo mume wake anachukuliwa mchana kutwa na watu wasiochemsha hata uji.

Kesho yake alimfunga Kibonge mgongoni, akaenda duka la pembejeo. Muuzaji alikuwa kijana mpole mwenye kalamu sikioni.

"Mchanga, mama, ni kama chujio," alimwambia. "Maji yanapita, na chakula cha mmea kinapita nayo. Kwanza ng'oa magugu kwa mkono, baada ya kumwagilia, yatoke na mizizi. Mbigili uzitoe kabla hazijazaa miiba. Halafu changanya samadi iliyooza vizuri, hiyo ndiyo itakayoshika unyevu. Hii mbolea ya dukani, ya chumvichumvi, ni kidogo tu. Kiganja kimoja kwa eneo la mkeka, halafu usirudie mpaka wiki sita zipite."

"Kiganja kimoja? Si itakufa kwa njaa!"

"Haifi. Kisima chako kiko umbali gani?"

"Hatua kumi tu!" akajibu kwa furaha. "Kumwagilia hakutanisumbua."

Kijana aliacha kufunga mfuko. "Kiko karibu hivyo? Basi nenda taratibu sana na kitu hiki, mama."

Mama Chemsha alidhani anauonea huruma mgongo wake. Akamshukuru, akamwambia mgongo huu umebeba makubwa kuliko mbolea.

Alifanya kazi, hilo hakuna wa kumnyima. Kila asubuhi Kibonge akilala, bibi alikuwa magotini na kijiti chenye ncha, anachimbua ndago nundu baada ya nundu na kuzitia kwenye debe kama mtu anayeokota mchele uliomwagika. Mbigili alizikunja kwa gazeti akazichoma. Mfuga kuku wa mtaa wa pili akamletea magunia manane ya samadi. Ilikuwa bado mbichi, inanuka mpaka macho yanalia, lakini nani angengoja ioze wakati mtoto hangoji kukua? Aliirundika kando ya kisima, apate kuilowesha bila kubeba ndoo mbali, kisha akawa anaichota kidogo kidogo na kuisambaza.

Halafu ile ya chumvichumvi. Alitia kiganja kimoja kwa mkeka, kama alivyoambiwa. Siku ya tano ukoka ukawa kijani cha kupendeza. Siku ya kumi na mbili ukapauka.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe lilikuwa la kimama. Mtoto akilia anapewa. Mtoto akikonda anaongezwa. Yeye aliona ukoka una njaa, akaulisha. Wiki iliyofuata akaulisha tena. Viganja vikawa viwili, vikawa vitatu, na jioni akaunywesha ndoo nane, kumi, ili chakula kishuke. Nacho kilishuka. Kilipita katikati ya mizizi ile michanga kama msafiri asiye na mwenyeji, kikaenda chini zaidi, kwenye maji. Kisima kilikuwa kifupi. Ndoo iligusa maji kabla hujamaliza kuhesabu mpaka sita.

Mvua zilipoanza, uwanja ulifunga. Ukoka ulishikana mkono kwa mkono toka ngazi za mlango hadi kisimani, mnene, laini, hata mbigili zilizobaki zikakosa pa kuchomoza. Mama Pacha alivua ndala akaukanyaga.

"Mwenzangu, huu ukoka au godoro? Nikilala hapa mume wangu hanioni tena nyumbani."

"Lala tu. Ila ukilala nitakuchemsha."

Binti alirudi kutoka kazini jioni, akasimama getini. Alivua viatu, akatembea pekupeku mpaka katikati, akamchukua mtoto mgongoni kwa mama yake akamlaza kifudifudi pale. Kibonge, miezi minne na ushee, aliinua kichwa kizito, akang'ang'ania jani.

"Basi, Mama. Umeshinda. Haendi kokote."

Mama Chemsha aliingia jikoni akajifanya anatafuta chumvi, machozi yasionekane.

Wiki mbili baadaye midomo ya Kibonge ilibadilika rangi. Bibi aliiona mchana, akimlisha chupa. Kwanza alidhani ni kivuli cha pazia. Akamtoa nje kwenye mwanga. Midomo ilikuwa kama ya mtoto aliyekula zambarau, na kucha vilevile. Mtoto hakuwa na homa wala kikohozi, na hakuharisha. Alilala tu, na akiamka alilia kwa sauti ndogo kama anaogopa kumsumbua mtu.

Walimpeleka hospitali, akawekewa oksijeni. Wakapima kifua, wakapima moyo, wakasema tunaangalia. Pale wodini maziwa yalikorogwa na manesi, kwa maji ya pale pale. Siku ya tatu midomo ilirudia rangi yake. Siku ya tano akavuta miwani ya daktari kijana akaitupa sakafuni, wodi nzima ikacheka, akaruhusiwa.

"Huenda ni kifua tu," daktari yule alisema. "Mkimwona amebadilika, mrudisheni haraka."

Bibi hakukubali kuwa ni kifua tu. Alijua adui yake. Alikutana naye miaka mingi nyuma, alimchukulia mtoto, na sasa amerudi kwa mlango wa nyuma. Maji! Dakika kumi za kuchemsha hakuziamini tena. Akateka, akayaweka motoni, akayaacha yatokote nusu saa nzima, mpaka sufuria iliyojaa ikabaki nusu. Katika nusu ile ndimo alimokoroga maziwa. Mvuke ulijaa jikoni, kuta zikatoka jasho, na yeye akasimama pale na kijiko mkononi kama askari mlangoni.

"Mama, kuni zote hizo," binti alisema.

"Kuni zinanunuliwa. Mtoto hanunuliwi."

Siku ya nne Kibonge akarudi kuwa na rangi ile. Safari hii haikuwa midomo tu. Uso mzima ulikuwa wa kijivu, na alipobebwa kichwa kilianguka nyuma.

Daktari aliyewapokea alikuwa mwanamke mfupi wa makamo. Mtoto alipochomwa sindano, damu iliyopanda haikuwa nyekundu. Ilikuwa ya hudhurungi, kama chai ya rangi iliyolala. Daktari aliitazama kwenye mwanga, akamwita nesi, wakasemezana kwa sauti ya chini, nesi akatoka mbio. Kisha akawageukia.

"Mtoto ananyonya?"

"Anakunywa ya kopo," binti alisema.

"Mnakoroga na maji ya wapi?"

"Ya kisima," bibi akadakia. "Lakini nayachemsha, daktari. Mimi si mtu wa mchezo, ulizia mtaa mzima."

"Muda gani?"

"Zamani dakika kumi. Tangu alipougua, nusu saa. Yanapungua mpaka nusu."

"Karibu na kisima kuna nini? Choo? Mifugo?"

"Hakuna. Choo kiko mbali nyuma. Pale kuna ukoka tu. Nimeuotesha mwenyewe."

"Umetia mbolea?"

"Nimetia. Udongo wetu mchanga, haushiki kitu."

"Nyingi?"

Bibi aliona uso wa bintiye. Kisha akasema, "Nyingi."

"Mama," daktari alisema taratibu, "wewe unapika. Mchuzi ukiuacha motoni ukakauka, chumvi inakwenda wapi?"

"Haiendi. Inabaki. Mchuzi unazidi ku..."

Hakumaliza. Miaka yote ile ya sufuria, jambo hili alilijua. Mtoto wa darasa la pili analijua.

"Kuchemsha kunaua vijidudu," daktari alisema. "Hiki si kijidudu, ni mbolea iliyoshuka kisimani. Wewe na mimi tunaweza kuyanywa maji hayo tusijue kitu. Mtoto mdogo hivi, damu yake inashindwa kubeba hewa. Kuna dawa ya kuirudisha. Hapa imekwisha. Imefuatwa hospitali nyingine."

Dawa ilifika baada ya kungojwa kwa muda wa saa tatu. Kibonge alikuwa ameshaondoka robo saa kabla, mikononi mwa mama yake, bila kulia.

Bibi aliposogea kumshika, binti aligeuza bega. Hakufanya kwa hasira. Aligeuza kama mtu anayemkinga mtoto na upepo.

Baba wa mtoto alirudi kutoka safarini na vumbi lake. Hakuuliza mengi, na aliyoyauliza alijibiwa na mkewe: moyo. Ilikuwa moyo. Binti aliwaambia hivyo majirani pia, akiwa ameketi kwenye mkeka, macho makavu, na Mama Chemsha akanyamaza. Daktari alikuwa amemshika mkono kwenye korido, akamwambia awaonye wenye visima vya karibu, hasa walio upande wa chini, kwa kuwa maji ya ardhini hayajui mpaka wa kiwanja. Aliahidi. Lakini kuonya ni kusema, na kusema ni kuutoa nje uongo ambao binti yake ameukunjua akamfunika nao. Siku zikapita.

Binti na mumewe wakapanga chumba karibu na kiwanda. Hakukuwa na ugomvi. Laiti ungekuwepo! Jumapili binti anakuja, anamsalimia mama yake, anamsuka nywele, anamuuliza kuhusu magoti. Anakula kidogo. Ila hunywa maji aliyokuja nayo, kwenye chupa ndani ya mkoba, na huitoa akiwa ameelekea pembeni, ili mama asione. Mama anaona. Kila Jumapili huona, na kila Jumapili husema moyoni, afadhali angenipiga kofi.

Jumapili moja walikuwa wameketi nje hivyo, binti anasuka, mama amekaa katikati ya miguu yake. Bibi alikuwa ameacha kulisha ule ukoka tangu msiba, lakini ulikuwa bado umejaa, una shibe ya mwaka. Mama Pacha akaja kutoka kwake kule chini, na kikapu mkononi.

"Hodi wenyewe. Nimekuja kuomba, msinifukuze." Akaweka kikapu. "Mkwe wangu amejifungua juzi. Kile kidume, hamjapata kuona! Titi limemshinda, tumemwanzishia kopo. Sasa mzee wangu anasema, na sisi tupande ukoka kama wa Mama Chemsha, mtoto apate pa kutambaa. Nipe vipandikizi, jirani. Na ile dawa uliyokuwa unanyunyiza, unipimie na hiyo. Maji tunachota pale pale kwetu, tena mkwe anayachemsha kama wewe, nimemfundisha mimi."

Vidole vya binti vilisimama kichwani mwa mama yake.

Mama Chemsha alisikia pumzi ya mwanawe juu ya utosi, ikija kwa shida. Akajua kwamba akinyamaza sasa, Jumapili zitaendelea. Huenda hata chupa ile siku moja ingebaki mkobani. Akisema, pengine atainuka huyu aende, asirudi. Yote mawili aliyapima kwa muda wa kumeza mate.

"Mama Pacha," alisema. "Mtoto wetu hakufa kwa moyo."

"Eti?"

"Nilimuua mimi. Kwa kisima hiki. Mbolea ya ukoka huu ilishuka kwenye maji, nami nikamkorogea. Na maji ya kwako yanatoka huku juu kwangu. Huyo mtoto wa kwako asinywe tena, hata kijiko. Leo hii. Nilipaswa kukuambia tangu siku ile."

Mama Pacha alitazama ukoka, akatazama kisima, akamtazama binti kana kwamba anangoja akanushe. Akaokota kikapu.

"Lakini tunachemsha," alisema, sauti ikipanda. "Si nimekwambia tunachemsha?"

Mama Chemsha alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza maneno yalimkataa. Lilikuwa limebaki neno moja tu, na ndilo lililokuwa jina lake. Nyuma yake binti alimbana mabegani kwa magoti yote mawili. Kisha akainama, shavu likamgusa mama sikioni, likiwa limelowa.

"Mwambie, Mama," alisema. "Mwambie na habari ya kuchemsha."